Sahani Chini ya Kawa

Watu wa Mombasa tuna midomo. Sisemi kwa kuwatukana, maana nimekuwa mmoja wao tangu nilipoletwa kutoka Kaloleni nikiwa msichana mdogo, na midomo nami ninayo, tena ya kutosha. Lakini yale waliyomfanyia Mwanarusi yalinikera, yananikera hadi leo, na kila nikianza kuyasimulia najikuta nimeshika kiuno. Nivumilieni basi.

Naitwa Kadzo. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kukata tikiti kwenye sinema ya Mzee Abdulghafur, karibu na Makadara. Nilikaa ndani ya kibanda chenye tundu la kupitisha mkono, na kwa tundu lile nimewajua wanawake wa mji huu kwa vidole vyao. Nilijua nani ametia hina mpya, nani ameuza pete, na nani anatetemeka kwa kuwa nyumbani ameaga anakwenda maulidini. Mwanarusi sikumkatia tikiti hata mara moja. Yeye aliingia bure, kwa sababu bila yeye zanana isingekuwa zanana.

Zanana ilikuwa onyesho la wanawake peke yao. Kila Jumatano alasiri wanaume walifungiwa nje, hata Mzee Abdulghafur mwenye jumba hakuthubutu kutia mguu, na Kaingu aliyeendesha mashine alikaa kwenye chumba chake cha juu, ameapishwa asichungulie ukumbini. Wanawake wakishaingia hufungua mabuibui, hutoa bajia na njugu, hunyonyesha watoto, na makelele huanza kabla ya picha. Picha zenyewe zilikuwa za Kihindi. Sasa Kihindi nani akijuaye? Mwanarusi.

Alilelewa kwenye kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, ukuta kwa ukuta na bibi mmoja wa Kihindi ambaye hakujaliwa mtoto. Yule bibi alimshindisha kwake kutwa nzima, akamlisha na kumsemesha, hata Kihindi kikamwingia bila kufundishwa. Alipoanza kwenda zanana alifuatana na shangazi yake, na shangazi hakumpa raha: "Anasemaje? Sasa anasemaje?" Mwanarusi akawa anamjibu kwa kunong'ona. Waliokaa nyuma wakapiga kelele, "Ewe binti, paza sauti! Nasi tuna masikio!" Akapaza, na hakuishusha tena. Wakamwekea kigoda mbele, kando ya pazia la picha, na kigoda kikawa chake.

Tena hakuwa akieleza tu, alitia chumvi. Mama mkwe mwovu akitokea, Mwanarusi alimsuta kwa Kimvita cha ndani hasa, mpaka ukumbi mzima unapiga vigelegele. Mwenye kuigiza akilia, yeye alilia zaidi yake. Wako wanawake waliokuja si kwa ajili ya picha, kwa ajili yake. Mimi picha hazinipendezi, lakini nikishamaliza kukata tikiti nilifunga kibanda, nikasimama nyuma nimsikize yeye. Ndivyo tulivyokuwa mashoga, Mwislamu na Mkristo, na hakuna aliyetuuliza.

Mumewe aliitwa Tsuma, Mdigo wa Matuga, kuli kwenye gati la Mbaraki. Alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Zamu zake hazikuwa na mpango, meli ikichelewa naye huchelewa. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Khairiya, na huyo alikuwa roho ya baba yake.

Tsuma alianguka asubuhi moja gatini. Moyo tu ulisimama, hakuna aliyemkosea. Wenzake wakamleta nyumbani, na alasiri ileile akazikwa.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Jamaa wa Tsuma walikuja kutoka Matuga wamejaa lori, na wanawake wa kule wakilia wanalia, haki yao. Khairiya alilia mpaka sauti ikampotea. Mwanarusi, yule aliyekuwa akiwalilia waigizaji asiowajua, alikaa kwenye mkeka macho makavu. Akawauliza wageni kama chai ina sukari. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono, na mkono haukunishika. Nikamwambia, "Shoga, lia. Watu wanakutazama."

Akaniambia, "Nalia vipi, Kadzo?"

Hakuwa akibisha. Alikuwa akiuliza, kama mtu anayeuliza ndia. Kulia nako, hakuna anayekufundisha.

Siku ya hitima likapikwa pilau, watu wakala, wanaume barazani na wanawake ndani. Basi Dzoro, wifi yake, dada yake Tsuma aliyeolewa hapa Makadara, akaingia chumba cha ndani kutafuta leso. Huko akaona sahani juu ya kabati. Imefunikwa kwa kawa ya ukili. Akafunua. Pilau limejaa pomoni, na juu yake kipande cha nyama kikubwa kuliko vyote vilivyotoka kwenye lile sufuria. Akatoka nayo mkononi mbele ya kila mtu.

"Ya nani hii?"

"Ni sahani tu," akasema Mwanarusi.

"Sahani haijipakui! Wageni wote wamekula. Wanaume wote wamekula. Hii umemwekea nani?"

Mwanarusi akaitazama ile sahani kana kwamba naye ndiyo kwanza anaiona. Dzoro hakuridhika, akaamua kulala palepale matangani apate kuchunguza. Jioni ya pili sahani ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa. Asubuhi sahani imeoshwa, imeinamishwa kwenye ungo. Jioni ya tatu vilevile. Dzoro akafunga hesabu yake: mwanamke yu ndani ya eda, kaburi la mumewe bado bichi, na usiku ana mwanamume anamlisha.

Mtu wa kwetu atakwambia hilo ni jambo kubwa. Mwenye kukaa eda haonani na mwanamume asiye ndugu yake hata dirishani. Maneno yakatoka Ndia Kuu yakafika Makadara kabla ya adhana ya alasiri, na kila aliyeyapokea aliyaongeza kidogo. Wengine walimtaja mpaka mwanamume mwenyewe. Kwenye kibanda changu nilipigana na wawili watatu, na mmoja nilimkatalia tikiti.

Khairiya alikwenda kwa mama yake peke yake. Sikuwapo, lakini mwenyewe alinihadithia baadaye. Alimuuliza, "Mama, sahani ni ya nani?" Mama akamjibu, "Ni sahani tu, mwanangu." Alimuuliza tena, akajibiwa hivyohivyo, kwa sauti ileile. Basi msichana akakunja nguo zake akahamia kwa shangazi yake Dzoro. Mama yake akamshikia mlango apite na mzigo.

Mimi nilimfokea Mwanarusi. Nilikwenda kwake kila Jumapili nikitoka kanisani, na kila Jumapili nilimfokea. "Kwa nini hujitetei? Huna ulimi? Ulimi wako uliwasuta mama wakwe wa Bara Hindi nzima!"

"Nijitetee kwa nini, Kadzo?" akasema. "Sisikii kitu."

Na kweli alikuwa hasikii. Siku moja mbele yangu aliipua sufuria jikoni kwa mkono mtupu. Nilipiga ukelele mimi. Yeye aliutazama mkono, akaitazama sufuria, akaiweka chini taratibu. Nilipokuwa nikimpaka asali kiganjani aliniambia, "Unajua mkono ulioulalia? Unauona ni wako, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Mimi niko hivyo mwili mzima." Alikuwa akipika, akifagia, akisali, akijibu salamu za watu waliokuwa wakimla kisogo. Ukimwambia jambo alikujibu, "Haya." Hakuomba kitu na hakuuliza kitu. Eda ikaisha, akatoka, akaendelea vilevile.

Mwaka uliofuata Khairiya akaposwa na kijana wa masonara wa Ndia Kuu, watu wazuri. Dzoro ndiye aliyepokea posa. Akatoa na amri yake: Mwanarusi asionekane siku ya kupamba. Sasa mjue, siku ya kupamba bibi harusi hukalishwa juu, amepambwa dhahabu na asumini, na wanawake wa mji mzima huja kumtazama. Humtazama yeye, kisha humtafuta mama yake. Asiyekuwa na mama pembeni huwa ni yatima au ni mtoto wa aibu. Hakuna cha tatu.

Nikamkimbilia Mwanarusi na habari. Akasema, "Haya."

"Haya nini, we mwanamke? Mtoto wako mmoja anaolewa, na wewe umewekwa nje ya mlango! Ukimpoteza sasa umempoteza!"

"Nasikia," akasema. "Najua ni jambo kubwa, Kadzo, mimi si mjinga. Natafuta mahali linapouma, sipaoni."

Nilikaa chini nikalia mimi, kwa niaba yake. Yeye akaniletea maji.

Wakati huohuo sinema yetu nayo ilikuwa ikikata roho. Kila nyumba ilikuwa na video, wanawake wakitazama picha zao wamejilaza kitandani, na zanana ilibaki ya vikongwe na mimi. Mzee Abdulghafur akapata mnunuzi wa jumba. Kabla ya kufunga alitaka zanana moja ya kuagana, akasafiri mpaka Nairobi akaazima picha kwenye nyumba moja ya utamaduni ya Wazungu. Akaja kibandani kwangu na kopo la bati la mviringo, amelibeba kwa mikono miwili.

"Bi Kadzo," akasema, "hii ni ya zama za babu yangu, kabla picha hazijajua kusema. Ya kuchekesha. Na imetengenezwa na mwanamke."

"Mwanamke ndiye anayeigiza?"

"Anaigiza, na yeye ndiye mkubwa wao. Ndiye aliyewaamuru, wewe simama hapa, wewe anguka pale."

"Zama zile?"

"Zama zile. Nikaona hii ndiyo ya kuwaagia akina mama. Ila ina maandishi ya Kizungu, na si Kiingereza, siyajui. Mwite Mwanarusi aeleze."

"Mwanarusi hasemi siku hizi, mzee."

"Na picha nayo haisemi," akanijibu. "Watapatana."

Nilikwenda kumwambia nikitarajia anifukuze. Akasema, "Haya." Akafikiri kidogo. "Lugha yake siijui."

"Hakuna anayeijua."

"Basi nitasema ninachokiona."

Siku ile walikuja wote. Wale waliotususa kwa video walikuja kuagana, wamevaa kana kwamba ni harusi. Nilikata tikiti mpaka kidole gumba kikaniuma. Halafu kwenye tundu ukaja mkono wenye pete mpya ya uchumba, na mkono ule nimeujua tangu ukiwa wa kitoto.

"Shikamoo, Mama Kadzo."

"Marahaba, Khairiya. Mama yako ndiye anayeeleza leo."

Vidole vikatulia pale kwenye tundu. Nyuma yake nikamsikia Dzoro, amefuatana na wanawake wa upande wa bwana harusi, "Twende, mwanangu. Tumekuja kuona picha, hatukuja kuona watu." Vidole vikachukua tikiti vikaenda zao.

Taa zikazimwa, Kaingu akawasha mashine. Hakuna ngoma, hakuna wimbo, hakuna hata mlango unaolia. Ni ile mashine tu inayokereza juu ya vichwa vyetu. Likapita jina la huyo bibi aliyeitengeneza, kwa herufi za madoido, hakuna aliyeweza kulisoma. Watu wakaanza, "Mbona imekufa? Kaingu, fungua sauti!" Mwanarusi alikuwa kwenye kigoda chake cha zamani. Akasema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, "Haina sauti. Ndivyo ilivyo. Huyu ni mke. Anafua."

Kweli, mke alikuwa anafua. Mwanamke mwembamba, uso mkavu, kama aliyezaliwa bila kuonyeshwa kutabasamu.

"Huyu ni mume," akasema Mwanarusi. "Amekaa." Mke akakamua nguo, akaanika. "Bado amekaa."

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Huyu mume mwingine anasafiri. Mkewe anamlilia, anamvuta koti. Huyu aliyekaa anawaona. Anamwangalia na mke wake. Wake anamenya viazi."

Ukumbi ukacheka. Mwanarusi hakuwa ametia chumvi hata chembe, na nafikiri ndicho kilichowachekesha. Alikuwa anasema tu. Mume yule akakasirika kwamba hapendwi, akapata shauri: ajifanye amekufa, amwone mke atakavyolia. Akajitupa sakafuni, kwanza akachungulia asije akaangukia ndoo.

"Amekufa," akasema Mwanarusi. "Hajafa. Mke ameingia. Amemwona. Ameweka kapu chini. Amemkunja mikono kifuani. Amerudi kwenye viazi."

Hapo walivunjika mbavu. Mimi sikucheka, nilishika kiti cha mbele yangu. Nikajiambia, we Mzee Abdulghafur, umetuletea nini? Maana uso ule pazia zima ulikuwa uso wa Mwanarusi, na si mimi peke yangu niliyeona. Vichwa vilianza kugeuka, kutoka kwenye pazia kwenda kwenye kigoda. Dzoro akapaza sauti, "Kumbe wapo hata Ulaya!" Wakacheka tena, kicheko kingine sasa, kile cha pembeni ya mdomo. Nilitamani kumrukia.

Mwanarusi akaendelea. "Majirani wamekuja. Wanalia. Wanaangalia kama naye analia. Halii. Anawauliza kama chai ina sukari."

"Umejuaje anauliza hivyo?" mtu akasema.

"Ameshika bakuli la sukari."

Mke wa kwenye picha alitaka kukanda unga, na maiti amelazwa juu ya meza ya pekee nyumbani. Akamsogeza miguu kidogo akapata nafasi. Akakanda. Unga ukaruka ukamwingia maiti puani, maiti akapiga chafya, majirani wakatazamana. Mke akamfuta pua, akaendelea kukanda. Vikongwe wa safu ya mbele walikuwa wakipigana mapaja. Namshangaa mpaka leo bibi yule aliyeitengeneza. Mwanamume angeitengeneza, mke ndiye angekuwa mjinga. Bibi yule alimjua mtu ambaye mikono inafanya kazi na yeye mwenyewe hayupo. Sijui alimjulia wapi.

"Jioni," akasema Mwanarusi. "Anapakua. Sahani moja yake." Akanyamaza, nikafikiri picha imemtangulia. "Sahani ya pili. Anaifunika kwa bakuli. Anaiweka juu ya kabati."

Nilimwona Dzoro akiacha kutafuna.

"Usiku. Maiti ana njaa. Anaamka. Anakula yote. Anarudi kufa. Asubuhi mke anafunua. Tupu. Anamwangalia paka."

Wacha wacheke! Paka mwenyewe alikuwa amekaa anajilamba, hana habari. Watoto walikuwa wamesimama juu ya viti.

"Jioni tena. Anapakua. Anafunika. Maiti anaamka, anakula. Asubuhi, anafunua. Tupu." Na kwa sauti ileile, bila kugeuka, macho yapo kwenye pazia, Mwanarusi akasema, "Huyu, mumewe amekula. Mimi yangu nikifunua naikuta imejaa."

Kicheko kikakatika upande wa mbele kwanza, kikaja kikikatika kurudi nyuma.

"Nasema Tsuma leo meli imechelewa," akasema. "Nampakulia, nafunika. Alfajiri nafunua, imejaa. Nawamwagia paka wa kichochoroni, naosha sahani. Jioni mkono unapakua tena. Siuzuii."

Kisha akasema, "Sasa anatia pilipili."

Akaendelea na picha, jamani! Pale penye kuchekesha kuliko pote, mke anamimina kopo zima la pilipili kwenye sahani, usiku maiti anatia tonge kinywani, macho yanamtoka, anaruka, anapita katikati ya majirani wanaokesha, ulimi wake uko nje, na mke nyuma yake na ufagio. Hakuna aliyecheka. Ilisikika mashine tu, na Mwanarusi: "Anamkimbiza. Wametoka nje. Amempiga. Amempiga tena. Amemkumbatia. Anampiga. Imekwisha."

Taa zikawaka. Hakuna aliyegusa buibui lake. Nilimtafuta Dzoro, nikamwona anatazama miguu yake, na wale wanawake wa upande wa bwana harusi wanamtazama yeye. Kiti cha Khairiya kilikuwa kitupu. Nikaumia, wallahi, maana niliona amekimbia aibu.

Nikamsindikiza Mwanarusi nyumbani. Tulishika Ndia Kuu, wenye maduka ya vinyago wakifunga milango, na kila aliyetupita alimwamkia kwa heshima ambayo mwaka mzima hakuiona. Aliwajibu vilevile alivyokuwa akiwajibu walipokuwa wakimsengenya. Nikamuuliza, "Shoga, unajua ulilolisema mle ndani?"

"Nilisema nilichokiona," akasema.

Ya harusi sina haja ya kuyarefusha, mji mzima uliyaona. Mwanarusi alikaa kuliani kwa bibi harusi, na Dzoro ndiye aliyemwendea kwa miguu yake kumwita, akamwomba radhi mbele ya watu. Mimi ninayotaka mjue ni ya magharibi ile tulipotoka sinema.

Tulimkuta Khairiya amekaa kwenye kizingiti, buibui limejaa vumbi. Alikuwa ametangulia mbio. Akasimama. "Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu," akasema Mwanarusi, akafungua mlango, kama mtu ambaye binti yake alitoka kwenda dukani.

Alipika wali na mchuzi wa samaki. Khairiya alikuna nazi, mimi nikachambua mchele. Chakula kilipoiva Mwanarusi akapakua. Akapakua yangu, ya Khairiya na yake mwenyewe. Kisha mkono wake ukachukua sahani ya nne. Ukachagua kichwa cha samaki, maana Tsuma alipenda kichwa, ukamimina mchuzi, ukafunika kawa, na sahani ikaenda juu ya kabati. Mimi nilitazama sakafu.

Khairiya akaiacha sahani yake. Akainuka, akaishusha ile ya baba yake, akakaa nayo mkekani mbele ya mama yake, akaondoa kawa. Akaanza kula. Alikula huku machozi yanamdondokea kwenye wali, akala tonge kwa tonge, akafyonza kichwa cha samaki mpaka mifupa ikawa myeupe, akapangusa mchuzi kwa kidole. Mama yake alikuwa ameacha kula, anamtazama mkono ukienda na kurudi. Hata punje haikubaki.

Mwanarusi akainyoosha mikono akaichukua ile sahani. Akaigeuza huku na huku. Akapitisha kidole gumba katikati yake, polepole, pale palipokuwa na wali. Nikaona kidevu kinamcheza. Mwaka mzima sikumsikia mwanamke huyu akimuuliza mtu kitu kwa haja yake mwenyewe, na sasa mdomo ulimfunguka mara mbili bila sauti kutoka, kama wale wa kwenye picha.

"Nikuongeze?" akasema.